Damu ya kiungamwana: seli zinaongezeka mara 50, seli shina zenyewe haziongezeki. Kosa liko wapi?

Iyumbu34 ameuliza:

Mbukwenyi wakuu,

Naomba mnisaidie kusoma matokeo haya. Ni kazi ya utafiti, hakuna kitakachoingia kwa mgonjwa.

Damu ya kiungamwana mililita 55, ilifika maabara zikiwa zimepita saa 9 tangu ichukuliwe. Ilichanganywa nusu kwa nusu na PBS yenye EDTA milimola 2, ikalazwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli (mililita 15 chini, 35 juu) na kuzungushwa 400 g kwa dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Utando mweupe wa katikati ukavunwa na kuoshwa mara 2. Seli za CD34 (zenye alama hiyo juu yake, na humo ndimo zilimo seli shina za damu) zikanaswa kwa chembe za sumaku, kolamu moja.

Zilizopandwa ni seli 120,000 zenye usafi wa 62%, kwenye mililita 2 za midia (kimiminika cha kukuzia seli) ya RPMI yenye seramu ya ndama 10%. Saitokini (protini za kuchochea seli): SCF nanogramu 100 kwa mililita, FLT3L 100, TPO 50, IL-3 20. Joto 37, CO2 5%. Zikaachwa siku 10.

Siku ya 0: CD34 ni 62%. CD34 chanya, CD90 chanya, CD45RA hasi (kundi lenye seli shina zenyewe) ni 6% ya seli zote. Seli 500 kwenye methiliselulosi (ute wa kuhesabia seli zinazoweza kuzaa koloni) zilitoa koloni 70.

Siku ya 10: seli milioni 6. CD34 ni 9%. Kundi la CD90 limebaki 0.1%. Seli 500 zilitoa koloni 9.

Maswali mawili. Kwa nini CD34 imeporomoka hivi? Na kama nikiongeza SR1 au UM171 (dawa za kusaidia kukuza seli shina), nianze na ipi?

---

Mzee_wa_Pipeti amejibu:

Mkuu, asilimia zinakuchanganya. Kila siku ya ukuzaji unagawanya kwa idadi kubwa zaidi, kwa hiyo asilimia lazima ishuke hata kama mambo yanakwenda vizuri. Piga hesabu ya seli kamili.

CD34: 62% ya 120,000 ni 74,400. Siku ya 10, 9% ya milioni 6 ni 540,000. Zimeongezeka mara 7.3, hazijaporomoka.

Koloni: siku ya 0, 120,000 gawanya kwa 500, zidisha kwa 70, unapata 16,800. Siku ya 10 ni 108,000. Mara 6.4. Inakaribiana na ile ya CD34, kwa hiyo vipimo vyako viwili vinasema kitu kimoja.

Sasa njoo kwenye CD90. Ulianza na 7,200 (6% ya 120,000). Umemaliza na 6,000. Hapo ndipo penye kidonda. Una seli milioni 6, lakini zile zenye uwezo wa kukaa kwenye uloto wa mtu na kutengeneza damu kwa miaka ni pungufu kuliko ulizoanza nazo. Ulichokuza ni watoto na wajukuu wa seli shina, ambao watatoa chembe nyeupe kwa wiki kadhaa kisha waishe.

Sababu ninazoziona kwenye maelezo yako, kuanzia iliyo kubwa:

Msongamano. Seli milioni 6 kwenye mililita 2 ni milioni 3 kwa mililita. Bila shaka midia ilikuwa imegeuka njano. Lakini tatizo si chakula peke yake. Seli zinazokomaa, hasa monosaiti, zinatoa protini kama TGF-beta zinazozikandamiza seli shina. Ukiacha siku 10 bila kuongeza midia, umeziloweka seli shina kwenye taka za majirani zao. Hesabu siku ya 3, 5 na 7 kwa tripani bluu (rangi inayoonyesha seli zilizokufa), na kila mara ongeza midia mpya yenye saitokini zote hadi uwe kati ya seli 100,000 na 200,000 kwa mililita. Usimwage ya zamani yote, wala usizungushe seli kila siku kwa ajili ya kubadilisha. Ongeza tu.

Najua utakachosema: saitokini ni ghali na ujazo utafika mililita 30. Ndiyo maana ya kupanda kidogo. Kwa utafiti, seli 20,000 kwenye mililita 1 zinatosha kabisa, na nyingine zigandishe kama akiba. Watu wengi wanapanda kila walichopata, halafu wanaanza kubana midia.

IL-3. Itoe. Inaongeza idadi haraka, na ndiyo maana watu wanaipenda, lakini inazisukuma seli kukomaa kuelekea ukoo wa mieloidi. SCF, FLT3L na TPO zinatosha. Ukitaka ya nne, weka IL-6 nanogramu 20.

Seramu ya ndama. Hii nayo itoe. Ina mchanganyiko wa vitu usivyovijua, na kila chupa ina tabia yake, kwa hiyo hata ukipata matokeo mazuri huwezi kuyarudia. Tumia midia isiyo na seramu iliyotengenezwa kwa seli za damu.

Usafi wa 62%. Kolamu moja haitoshi kwa damu ya kiungamwana kwa sababu ina chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini. Hazishuki chini ya Ficoll kama zile zilizokomaa, zinabaki kwenye utando mweupe pamoja na seli zako. Pitisha kwenye kolamu ya pili mpya, usafi utavuka 90%. Chembe sahani nazo zinaziba kolamu: osha mara ya mwisho kwa 200 g dakika 10, zitabaki juu, uzimwage. Bafa iwe ya baridi na isiwe na viputo, kiputo kimoja kinasimamisha kolamu nzima.

Kuhusu SR1 na UM171: rekebisha hayo kwanza. Ukiziweka kwenye mfumo wenye seramu, IL-3 na msongamano wa milioni 3, utalaumu dawa bure.

---

Mwanafunzi_wa_Biolojia amejibu:

Samahani wakuu kwa kuingilia. Kwa nini kuhangaika na damu kidogo hivyo wakati kiungamwana chenyewe kina seli shina tele? Ukikata vipande vya milimita 2 ukaviweka kwenye chupa, baada ya siku kama 10 seli zinatoka na kutambaa chini ya chupa.

---

Mzee_wa_Pipeti amejibu:

Mdogo wangu, hizo ni za ukoo mwingine. Zile zinazotoka kwenye ute wa kiungamwana ni seli shina za mesenkima. Zinashika plastiki, ni ndefu kama uzi, na zinaweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Hazitoi damu hata ukizikuza mwaka mzima. Za damu zinaelea, ni duara na ndogo, na zinapatikana kwenye damu iliyobaki ndani ya mishipa ya kiungamwana na kondo la nyuma. Watu wanaziita zote "seli shina za kitovu", ndiyo maana zinachanganywa.

Ila umegusa jambo: za mesenkima zinaweza kuwa godoro la kukuzia za damu. Zinatoa baadhi ya vitu ambavyo uloto hutoa. Njia hiyo ilishajaribiwa hadi kwa wagonjwa Marekani. Kwa maabara inayoanza sishauri, maana unakuwa na mifugo miwili ya kulisha badala ya mmoja.

---

Mkunga_Chamwino amejibu:

Mimi niseme upande wa leba, kwa sababu nusu ya matatizo yenu ya maabara yanaanzia kwetu.

Kwanza, mtoto kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kiungamwana kisibanwe kabla ya dakika 1 hadi 3. Damu itakayobaki kwenye kondo itapungua, na hilo mkubaliane nalo. Mtafiti asije kumwomba mkunga abane mapema ili apate mililita 100. Hiyo 55 aliyopata muuliza swali ni ya heshima.

Pili, ridhaa ya mama iandikwe kliniki, kabla ya uchungu. Mama akiwa na njia sentimita 8 huwezi kumwambia asaini karatasi ukaita hiyo ni ridhaa. Na kibali cha maadili kiwe tayari kabla hata ya kuja kuongea na wodi.

Namna ya kuchukua: kondo likishatoka, litundikwe kiungamwana kikining'inia chini. Pangusa damu ya mama juu ya kiungamwana, kisha alkoholi 70%, kisha iodini, na subiri ikauke. Hatua hiyo ya kusubiri ndiyo inayorukwa, halafu siku ya 3 mnalalamika bakteria kwenye kisima (kishimo cha sahani ya kukuzia seli). Toboa mshipa mkubwa wa vena karibu na kibanio kwa sindano ya geji 16, damu ishuke yenyewe. Ikisimama, panda juu kidogo utoboe tena. Msikamue kondo kama embe, mnapasua chembe nyekundu.

Dawa ya kuzuia kuganda: mfuko wa kawaida wa mtu mzima wa mililita 450 una mililita 63 za CPDA-1, ni nyingi mno kwa damu ya mililita 50. Uwiano ni 1 kwa 7. Kama hamna mifuko midogo ya kiungamwana, tumieni sirinji za mililita 60 zenye mililita 7 za CPDA-1, mvute hadi damu ifike 50. Geuza taratibu tangu tone la kwanza. Ukishaona bonge hata dogo, seli nyeupe zimenaswa humo. Kuchuja hakuzirudishi.

Lebo iwe na namba, saa na ujazo. Jina la mama libaki kwenye daftari la wodi. Vipimo vyake vya VVU, homa ya ini B na C na kaswende viambatane, lakini hata vikiwa safi shikeni damu hiyo kama yenye maambukizi.

Na usafiri: boksi likifungwa nyuma ya bodaboda saa 8 mchana mwezi wa Oktoba, ndani panakuwa tanuri. Pia msiilaze damu moja kwa moja juu ya barafu. Funga kwa taulo, weka kipimajoto ndani, ibaki kati ya 15 na 25, na ianze kushughulikiwa ndani ya saa 24.

---

Fundi_Vifaa_Tiba amejibu:

Dada mkunga amenena. Naongeza ya mashine, mengine ni ya huku kwetu tu.

Dodoma tuko karibu mita 1,100 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 89, si 101 ya pwani. CO2 ya 5% hapa ina nguvu pungufu kwa takriban 12% kuliko 5% ya Dar es Salaam, na kinachoamua pH ya midia ni nguvu hiyo, si asilimia. pH inapanda kama 0.05 hivi. Si janga, lakini seli za CD34 ni za kudeka. Ukitaka kulingana na pwani, weka 5.6 hadi 5.7%. Kabla ya hapo soma kitabu cha mashine, maana kuna inkubeta zinazojisahihisha zenyewe. Njia ya uhakika ni kuacha midia tupu humo usiku mzima na kupima pH haraka asubuhi: 7.2 hadi 7.4.

Maji ya sinia la unyevu yawe yaliyotoneshwa na kutakaswa. Maji yetu ya visima yana chumvi, yataacha ukoko mweupe na kula chuma. Kiangazi hewa ni kavu mno, sinia linaisha haraka kuliko mnavyodhani. Sinia likikauka, kisima cha mililita 1 kinapungua, chumvi inapanda, na seli zinasinyaa zikionekana kama njugu chini ya hadubini. Kwa sahani za methiliselulosi ni mbaya zaidi kwa sababu zinakaa siku 14: ziwekeni ndani ya sahani kubwa pamoja na kisahani kimoja cha maji kisicho na kifuniko.

Joto la chumba. Ficoll inataka 18 hadi 20. Ukifanya kwenye chumba cha nyuzi 30 bila kiyoyozi, chembe nyekundu zinashikana haraka na kuzinasa nyeupe, zinashuka nazo. Mavuno yanapungua na hujui kwa nini. Ficoll, damu na sentrifyuji, vyote viwe joto moja.

Na 400 g si mizunguko 400! Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, 400 g ni karibu mizunguko 1,500 kwa dakika. Pima rota yako kwa rula.

---

Iyumbu34 amejibu:

Shukrani sana, dada mkunga na wakuu wote. Chumba chetu kilikuwa nyuzi 28 siku hiyo, nimeelewa.

Mzee, tuseme IL-3 na seramu zimetoka. SR1 na UM171 zinachanganywaje? Nikihesabu, napata ujazo ambao pipeti haivuti.

---

Mzee_wa_Pipeti amejibu:

Ndivyo ilivyo, kwa hiyo tengeneza ya kati.

SR1 ilitangazwa 2010. Inazuia kipokezi kinachoitwa AhR, na kikizuiwa seli zinachelewa kukomaa. Kipimo ni maikromola 0.75. Kutoka akiba ya milimola 10, ungehitaji maikrolita 0.15 kwa mililita 2, haiwezekani. Punguza kwanza kwa DMSO (kiyeyushi cha dawa hizi) hadi milimola 1, kisha weka maikrolita 1.5 kwa mililita 2. DMSO inakuwa 0.075%.

UM171 ilitoka Montreal 2014, inafanya kazi kwa njia nyingine. Kipimo ni nanomola 35 tu. Akiba ya milimola 10: chukua maikrolita 3.5, weka kwenye maikrolita 996.5 za DMSO, umepata maikromola 35. Ya hiyo weka maikrolita 2 kwa mililita 2. DMSO ni 0.1%, na hapo ndipo mwisho, usivuke. Kisima cha kulinganishia kiwe na DMSO kiasi kilekile. Bila hicho hujapima kitu.

Ningeanza na UM171 kwa sababu unalilia kundi la CD90. SR1 inaongeza CD34 kwa wingi zaidi ya inavyoongeza zile za ndani kabisa. Yoyote utakayochagua, kila unapoongeza midia ongeza na dawa. Ukiiondoa SR1 katikati, breki imeachiwa, seli zinakomaa kwa kasi.

Saitokini: za unga ziyeyushe kwa bafa yenye albumini 0.1%, la sivyo protini inashika ukuta wa kichupa na unabaki na maji. Akiba ya maikrogramu 100 kwa mililita ni rahisi: maikrolita 1 kwa kila mililita ya midia inakupa nanogramu 100. Gawa kwenye vichupa vidogo, nyuzi hasi 80, na ukishayeyusha usigandishe tena.

Jambo la vipimo: baada ya siku kadhaa za kukuza, usiitegemee CD38. Inashuka yenyewe seli zikiwa zinakuzwa, na seli zilizokomaa zinajifanya changa. Shika CD90 na CD45RA, na ukipata kingamwili ya CD201 ongeza, hasa ukitumia UM171. CD90 ni hafifu, ipe rangi kali kama PE, na uwe na mrija wenye rangi zote isipokuwa hiyo ili ujue mstari uchore wapi. Seli zilizokufa zitolewe kwa 7-AAD, zinanasa kingamwili yoyote.

Halafu swali: kingamwili yako ya CD34 ya kupimia ni kloni (toleo) gani?

---

Daktari_wa_Damu amejibu:

Wakati anatafuta hiyo kloni, nijibu swali ambalo naulizwa kila mara mada hii ikitajwa hapa Dodoma: je, hizi zitawasaidia watoto wa selimundu?

Damu ya kiungamwana cha mtoto mwenyewe hapana, ina kasoro ileile ya jini. Ya ndugu wa baba na mama mmoja, asiye na ugonjwa na anayelingana HLA (alama za kinga ya mwili), ndiyo. Upandikizaji wa kwanza kabisa wa damu ya kiungamwana ulikuwa wa namna hiyo, Paris mwaka 1988, timu ya Eliane Gluckman, kwa mtoto mwenye anemia ya Fanconi aliyepewa damu ya mdogo wake. Na ulifanyika bila kukuza seli hata moja.

Kukuza kunahitajika kwa sababu ya uzito. Kiwango cha chini kinachotumika ni kama seli milioni 25 zenye kiini kwa kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 15 anahitaji milioni 375, na mfuko mzuri wa damu ya kiungamwana unaweza kuzitoa. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji bilioni 1.75, mfuko mmoja mara nyingi hautoshi. Ndiyo maana walianza kuchanganya mifuko miwili, kisha wakaja na kukuza. Omidubicel, iliyokubaliwa Marekani Aprili 2023, ni damu ya kiungamwana iliyokuzwa kwa nikotinamidi kwa siku 21. Kwenye jaribio lake kubwa chembe nyeupe za neutrofili zilirudi kwa wastani wa kati wa siku 12 badala ya 22. Angalia kwamba mgonjwa anapewa pia sehemu ya mfuko uleule isiyokuzwa, yenye seli T. Sehemu iliyokuzwa peke yake haina kinga.

Upandikizaji wa uloto kwa watoto wa selimundu unaofanyika hapa kwetu hutumia uloto wa ndugu anayelingana. Kwa hiyo hii ya kukuza, kwa sasa, ni ya maabara.

---

Iyumbu34 amejibu:

Asante daktari. Mzee, nimesoma kichupa. Kloni ni QBEND/10.

---

Mzee_wa_Pipeti amejibu:

Nilihofia hivyo. Chembe za sumaku nyingi zinazouzwa zimeshikishwa kingamwili ya kloni hiyohiyo. Siku ya 0, mara tu baada ya kolamu, kiti ambacho kingamwili yako ya rangi ingekaa kimeshakaliwa na sumaku. Seli ni ya CD34 lakini mashine haioni. Kwa hiyo ile 62% huenda ni ya uongo, na kolamu yako haikuwa mbaya kiasi hicho. Siku ya 10 tatizo hilo halipo sana, seli zimeshagawanyika na sumaku imepotea.

Maana yake hesabu inabadilika. Kama usafi halisi ulikuwa 85%, ulianza na CD34 102,000, na ongezeko ni mara 5.3, si 7.3. Hata zile 7,200 za CD90 zilikuwa zaidi, kwa sababu nazo huhesabiwa ndani ya seli ambazo mashine imeziona kuwa na CD34. Kupungua ni kukubwa kuliko tulivyosema. Hesabu ya koloni haijaguswa, hiyo 6.4 ibaki.

Nunua kloni 581 au 8G12, zinashika sehemu nyingine ya CD34. Kama umegandisha seli za siku ya 0, yeyusha kichupa kimoja kwa 37 hadi ibaki chembe ya barafu, dondoshea midia tone kwa tone ukitikisa, zikae saa 1, kisha zipime kwa kloni mpya. Utapata namba ya kuanzia bila kusubiri kiungamwana kingine.